Mpiga Ngoma wa Malango Mawili

Ghasita alizaliwa juu ya lango la kasri la mfalme mjini Dilli, ndani ya chumba cha ngoma. Mama yake alikuwa amempelekea mumewe mkate, uchungu ukamshika ngazini. Ukoo wao ulimpigia mfalme ngoma tangu enzi za babu wa babu, na kanuni ilikuwa moja: pale alipo mfalme au mwanawe, hailii ngoma ya mtu mwingine. Liwali wa mkoa, hata awe na tembo mia, akipita chini ya lango lile alishuka farasi akasimama mpaka mdundo uishe. Nayasema haya kwa kuwa mimi ndiye niliyepuliza zumari ubavuni mwa Ghasita.

Tulipokuwa watu wazima, mfalme alikuwa amebaki na jina tu. Majeshi yalikuja yakapora, yakaondoka, yakaja mengine. Kila liwali alijiwekea kodi ya mkoa wake na kujijengea lango lake, ingawa Ijumaa msikitini bado alimwombea mfalme. Jiko la kasri likapoa. Ngozi ya ngoma ikipasuka, Ghasita na kaka yake Imdad waliishona wenyewe kwa utumbo wa mbuzi.

"Mfalme wako anakula nini siku hizi?" Rahiman, mke wa Ghasita, alimuuliza.

"Anakula kama sisi."

"Sasa sisi tunangoja makombo ya mtu asiye na makombo?"

Mwaka huo liwali wa Mubarakganj, mashariki, alituma mtu kutafuta wapiga ngoma. Ghasita alikubali, yeye na Rahiman, nami nikawafuata. Imdad alikataa.

"Nenda," alimwambia mdogo wake. "Ila mdundo wa alfajiri uache hapa hapa. Ule ni wa kumwamsha mfalme. Ukimpigia liwali, usiniite kaka tena."

Ghasita akaapa.

Mubarakganj tulikuta lango ambalo chokaa yake haijakauka, ngoma mpya, na wali wa nyama kila siku. Liwali hakujiita mfalme hata siku moja. Muhuri wake ulisema yeye ni mtumwa wa Dilli. Msimamizi wa nyumba yake, Hirday Ram, tuliyemwita Lalaji kwa heshima, naye akimwita Ghasita Miyan, ndiye aliyetusumbua.

"Miyan Ghasita, mbona alfajiri unapiga kama mtu anayebisha hodi kwa jirani? Dilli ndivyo walivyokuwa wakipiga?"

"Ule wa Dilli umepotea, Lalaji."

"Umepotea? Kwani ngoma ni mbuzi?"

Askari wa lango walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka wa nne alifika mwana wa mfalme. Alikuwa anamkimbia waziri wa baba yake, juu ya tembo wa kuazima, na watu arobaini, wengine peku. Liwali alitoka kwa miguu kumpokea, akalia machozi ya kweli. Kesho yake asubuhi Ghasita aliweka fimbo za ngoma chini. Hirday Ram akapanda ngazi akitweta.

"Mbona kimya? Piga!"

"Lalaji, mwana wa mfalme yumo mjini. Kanuni inasema—"

"Kanuni ndiyo iliyompa chakula jana? Ngoma zikinyamaza leo, majirani wote watajua bwana wetu ameshuka. Piga, au wewe na mkeo mfungashe virago."

Ghasita alinitazama. Mimi nikatazama zumari yangu. Akapiga.

Siku ya tatu mwana wa mfalme alipanda mwenyewe chumbani kwetu, kijana mwembamba mwenye mafua. Tulianguka kifudifudi.

"Nani kati yenu ni wa Dilli?"

"Mimi, bwana wangu," Ghasita alisema. "Nisamehe. Nililazimishwa."

"Sikuja kwa hilo. Ule wa alfajiri, wa nyumbani, unaujua?"

"Naujua."

"Basi nipigie. Tangu nitoke kwetu sijaamka vizuri."

Ghasita akashika fimbo, akapiga. Chini, wauza mboga waliacha kuita wateja. Kijana aliegemea nguzo mpaka mwisho, akafuta pua kwa mkono wa kanzu, akashukuru, akashuka. Hirday Ram alikuwa amesimama ngazini muda wote ule.

"Kumbe mbuzi kapatikana," alisema. "Kesho huo huo. Na kesho kutwa."

Ikawa hivyo. Mvua zilipokatika mwana wa mfalme aliendelea na safari yake, na liwali akawa anaamshwa kifalme. Haukupita muda, maliwali wawili wa jirani wakataka wanafunzi wa Ghasita waliojifunza mdundo ule. Akawapa. Habari zilimfikia Imdad, naye akamtuma mchuuzi wa vitambaa: "Mwambie sina ndugu mashariki." Ghasita alisikiliza, akamkaribisha mchuuzi chakula.

Aliishi Mubarakganj miaka kumi na sita zaidi. Sikio la kulia lilimfia kwanza, kisha la kushoto, akawa anafundisha kwa kuweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Rahiman alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo miaka waliyoelewana kuliko yote.