Pale Wimbo Unapoishia

Watu waliozaliwa kando ya maporomoko ya Kisangani huongea kwa sauti ya juu hata wanaposengenya, maana maji yale hayanyamazi na asiyepaza sauti hasikiki. Valère alikuwa mmoja wao. Mgenya halisi wa kabila la hapo, mtoto wa wavuvi, mikono yote sugu za kamba, kazi yake kupanda magogo yaliyosimikwa katikati ya maji makali na kukagua migono, vile vikapu vikubwa vya kunasia samaki. Mtu wa namna hiyo ungemdhania anapenda nini? Ungesema samaki, pombe ya masanga na usingizi. Ungekosea. Valère alipenda muziki wa sinema, na hakuupenda kimyakimya, aliupenda kwa ubishi.

Miaka ile ya hamsini misheni ilionyesha sinema kila Jumamosi, jua likishazama, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Padri mwenye shughuli hiyo alikuwa na ndevu ndefu na mikrofoni. Filamu zilitoka Ulaya na maneno yake kamili, lakini Padri aliona maneno hayo hayafai kwa masikio ya watu weusi, basi akawa anasema kila kitu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: huyu mutu mubaya, huyu anajuta, huyu ataoa. Aliponyamaza kumeza mate, muziki uliingia. Nyuma ya watazamaji kulikuwa na kibanda cha mabati chenye tundu moja la kupitishia mwanga. Mashine ilikaa humo, na mtu pekee aliyeruhusiwa kuigusa pamoja na Padri alikuwa Alexis.

Alexis na Valère walibatizwa siku moja. Mmoja akapata mikono ya sugu, mwingine mikono laini na sauti ya taratibu, na hawakuwahi kuoneana wivu. Sinema ikiisha, Alexis alifunga kibanda kwa kufuli, wakaenda pamoja kwa Odile, mama aliyeuza maboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, na bia kwa wenye nafasi. Huko walimkuta Jacques, aliyekuwa mpiga tarumbeta kambini Kapalata. Jeshi lilikuwa limeshamwacha, lakini yeye hakuliacha. Viatu vyake viling'aa hata msimu wa matope.

Ubishi ulianza kabla samaki hajafunguliwa. Jacques alijua kusoma haraka, na filamu ilipoanza alisoma jina moja tu kati ya yote yaliyopita kwenye shuka: la aliyetunga muziki.

"Lessenne ameiba," alisema siku moja. Ilikuwa baada ya filamu ya mlinzi wa mnara wa taa na mke wake anayemngoja, na kwenye shuka walikuwa wameona jina la Hubert Lessenne. "Ule wimbo tulishausikia mu filme ya vita ya basoda, ile ya Brandau. Tarumbeta iko ileile."

"Haiko ileile," Valère akajibu, na nyumba tatu zikamsikia. "Ya Brandau inatembea. Ya Lessenne inangoja."

"Tarumbeta inangoja nini?"

"Inangoja mutu. We ulikuwa unapiga ya kuamsha basoda asubuhi, utajua wapi mambo ya kungoja?"

Odile alicheka mpaka akaweka sahani chini. Jacques akanuna, akamgeukia Alexis, kwa sababu Alexis ndiye aliyekuwa karibu na mashine na karibu na Padri, na kila shauri lilimalizikia kwake.

"Bon," Alexis akasema polepole, kama anayemnukuu Padri. "Mon père aliniambia. Lessenne alikuwa mwanafunzi ya Brandau. Donc, mutu akifundishwa, sauti ya mwalimu inabaki ndani."

Wote wawili wakaridhika, kila mmoja akiamini ameshinda. Na tangu siku hiyo walikuwa na kazi kubwa: kutafuta nani kamfundisha nani. Waligundua watunzi wa Ulaya wote ni ukoo mmoja. Kinanda cha huyu kilisikika kwa yule, fidla za filamu ya harusi zilirudi kwenye filamu ya mafuriko. Jacques alidai Brandau ndiye baba wa wote. Alexis alisikiliza, na alipoulizwa alitoa kipande kingine cha habari: huyu aligombana na yule, huyu alioa dada wa yule. Safari moja akasema baba yake Lessenne alikuwa mvuvi wa mto huko Ubelgiji.

Valère hakubisha siku hiyo. Alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Lessenne akawa wake. Hata ule mkwaruzo uliosikika chini ya muziki, kama mtu anayeparua samaki, Valère aliueleza: ni maji. Mtoto wa mvuvi hawezi kutunga wimbo asiweke maji ndani yake.

Lakini hoja yake kubwa ilikuwa mahali wimbo wa mnara wa taa ulipoishia. Ulipanda, ukapanda, na pale ambapo mtunzi mwingine angemwaga ngoma na tarumbeta zote, ukakatika. Kimya. "Mutu anayejua kunyamaza," Valère alisema, "huyo ndiye fundi."

Na kimya kile kilikuwa na mwenyewe. Mke wake Berthe, msichana wa Yanonge aliyeolewa huku kwenye kelele za maji, hakujifunza kupaza sauti hata kidogo. Nyumbani Valère alilazimika kumsogelea ili amsikie, na nadhani hakuchukia kusogea. Wakiwa sinema, wimbo ukipanda, Berthe alikuwa ametulia tu. Ukikatika, alimshika mumewe mkono. Filamu ile ilirudishwa mara nyingi, maana Padri hakuwa na filamu nyingi, na kila mara mkono ulikuja palepale.

Homa ilimchukua Berthe msimu wa mvua. Alipokuwa kitandani aliuguna wimbo huo kwa pua, naye akiufikisha pale pa kukatika aligeuza kiganja juu. Alipokufa, Valère hakutaka wimbo mwingine makaburini. Haukuwa na maneno, basi waliuguna tu, ndugu wa mume na ndugu wa mke, wakiongozwa na Alexis aliyeufahamu kuliko wote. Alexis alilia waziwazi. Walipofika mwisho aliinua mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada vimebanana, taratibu, na watu wote wakanyamaza kwa pamoja. Mvua ilikuwa imesimama. Valère hakuwahi kuona heshima kubwa kama ile.

"Ndeko," alimwambia baadaye, akimwita ndugu, "hii sitasahau."

Mwaka ulipokaribia kutimia, ukoo ukaanza kujiandaa kumaliza matanga. Angèle, dada mkubwa wa Berthe, alituma salamu kutoka Yanonge: wanawake wote wa ukoo wameufanyia mazoezi wimbo wa Berthe, watakuja nao. Valère akamwambia kila aliyekutana naye. Hilo tu ndilo alilokuwa akilingoja: kusikia wimbo ule tena kwa watu wengi, na kukaa kidogo ndani ya kile kimya pamoja na mke wake, halafu kuvua nguo nyeusi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya sherehe, Alexis alikuwa Isangi kwenye harusi ya mpwa wake. Padri akaendesha mashine peke yake, na kwa bahati yake mbaya Valère akachagua filamu ya mnara wa taa. Alimwomba Padri kwa kinywa chake. Watu walijaa uani. Jacques alikaa kushoto kwake, Odile kulia.

Wimbo ukaingia. Ukapanda. Valère akafumba macho na kufungua kiganja chake gotini. Ukapanda tena, ukafika pale, na haukukatika.

Mwanamume akaanza kuimba. Kwa Kifaransa, kwa furaha, kwa wimbo uleule, na tarumbeta zote nyuma yake: *Messieurs, vos souliers! Cirez, cirez vos souliers!* Mabwana, viatu vyenu, pakeni rangi viatu vyenu. Kwenye shuka mke wa mlinzi alikuwa amepiga magoti kando ya bahari, na yule mwanamume akaendelea kueleza jinsi rangi yake inavyozuia maji na vumbi. Uani watu wakaanza kucheka, kwanza watoto, kisha wote. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Valère aligeuka, akamwona Padri akiacha mikrofoni na kukimbilia meza ya pembeni, akainua mkono wa gramafoni kutoka kwenye sahani ya santuri, kidole gumba na cha shahada vimebanana.

"Pardon," Padri akasema kwenye mikrofoni. "Iko disque tu. Alexis anajua fasi ya kutosha sindano. Mimi hapana."

Kumbe wimbo wote ulikuwa tangazo la rangi ya viatu, na Alexis ndiye aliyejua mahali pa kuinua sindano kabla maneno hayajaanza. Kicheko kikaongezeka. Jacques peke yake hakucheka. Aliivuta miguu yake, viatu na kung'aa kwavyo, akaificha chini ya benchi.

Valère hakulala vizuri siku zile, na sitasingizia kwamba aliumia kwa sababu ya Lessenne. Aliaibika, ndiyo, kwa ubishi wote ule juu ya ukoo wa watunzi ambao haukuwa ukoo bali sahani chache zilizozungushwa na rafiki yake. Angeweza hata kuicheka baadaye. Kilichomnyima usingizi ni vile vidole viwili makaburini, vilivyoinua sindano isiyokuwepo.

Alexis aliporudi alikuwa ameshasikia. Alimfuata Valère kazini, kwenye miamba, maji yakinguruma pande zote, akasimama na viatu vyake mkononi.

"Mon père alinikataza kusema," alianza kwa sauti yake laini.

"Sikusikii."

"Mon père alinikataza! Sauti ya filme alikuwa anafunga, hakutaka batu baulize!"

"Sikuulizi juu ya mon père. Lessenne?"

"Jina iko ya kweli. Muziki yake mi mwenyewe sijasikia hata siku moja."

"Na baba yake, muvuvi?"

Alexis akatazama maji. "Ulikuwa unaipenda sana. Nikaona nikuongezee kidogo."

Wavuvi waliokuwa juu ya magogo ya jirani walikuwa wameacha kazi. Valère aliwaona, na hakujali.

"Siku ya Berthe. Ulijua?"

Alexis alijibu kitu, maji yakakimeza.

"Sema kwa nguvu."

"Nilijua!" Alexis akapiga kelele, na machozi yakamtoka. "Ningekuambia namna gani? Ulikuwa unalia, wimbo ilikuwa inakusaidia. Ningesema nini, tunamuzika bibi yako na cirage ya viatu?"

"Ndiyo. Ungesema vile. Ningekasirika, ningekupiga pengine, halafu tungeimba wimbo ya kanisa." Alishika kamba yake. "Uliniacha niimbe. Na weye ukaongoza. Kwa matanga usikuye."

Alexis hakuja. Walikuja wa Yanonge, pirogi zimejaa ndizi na wanawake waliovaa sare, wamechoka kwa kupiga makasia kukabili mkondo, wamechangamka. Hawakuwa na habari yoyote ya mjini. Valère alikuwa amepanga kumvuta Angèle pembeni, amwambie, waimbe kitu kingine. Alimfuata mara ya kwanza akamkuta akimvisha mtoto kitambaa kipya. Mara ya pili alimkuta anawapanga wanawake mistari, akimkemea mmoja aliyekuwa akianza mapema. Akarudi kukaa.

Wakaanza. Ndugu wa mume waliokuwa sinema Jumamosi ile walitazama chini, lakini wa Yanonge waliuguna kwa moyo wote, kwa sauti nene ya wanawake wengi, na Mungu anisamehe, ulikuwa mzuri. Ulipanda, ukapanda. Valère akaweka kiganja gotini. Angèle, aliyesimama mbele, akainua mkono wake wa kulia taratibu, kidole gumba na cha shahada vimebanana, vilevile alivyomwona Alexis makaburini. Wote wakanyamaza.

Ndani ya kile kimya Valère alimtafuta mke wake, akamkuta yule mwanamume wa santuri na viatu vyake.

Angèle alimjia huku akijifuta jasho, akaona uso wa shemeji yake.

"Semeki, tulikosea fasi?"

"Hapana. Muliimba muzuri. Inaishia pale."

"Na mukono, iko hivi? Niliwafundisha wote, hata batoto."

"Iko hivyo."

Angèle akafurahi. Wanawake wengine walikuwa wamesogea kusikiliza. "Na ule mutu alitunga," akauliza, "Berthe alituambia baba yake alikuwa muvuvi. Ni kweli?"

Jacques aliyekuwa jirani aliinua kichwa. Valère aliwatazama wale wanawake waliopiga makasia kutwa nzima kwa ajili ya wimbo huu, akasikia sauti yake ikijibu, laini na taratibu, sauti isiyo ya mtu wa maporomoko hata kidogo.

"Ndiyo," alisema. "Muvuvi ya mutoni."

Wakaitikia kwa vichwa, wakaenda kupakua chakula. Kule kwenye miamba Valère alikuwa amemkasirikia Alexis tu, na hasira hupoa. Chuki ilimwingia hapa, kwenye kiti cha mwenye matanga, alipokwisha kumdanganya dada wa Berthe kwa maneno ya Alexis na kujua kwamba atamdanganya tena kila atakapouliza.