Kebo Iliyoandikwa Mita Kumi na Tano

Mwanangu, katika siku zangu zote za ufundi, ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyoitwa Kendu Bay kutazama lebo moja ndogo ya dawa.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana mwenye cheti kipya cha kompyuta, nimeajiriwa na duka moja mjini Migori. Hospitali ndogo ya misheni ilikuwa imenunua kompyuta yake ya kwanza. Karani angeandika dawa chumbani kwake, na printa ingetoa lebo katika chumba cha dawa, ng'ambo ya ukumbi. Nilipima, nikapata mita kumi na mbili. Mwalimu wangu alikuwa ametufundisha kwamba kebo ya printa ya siku zile isizidi mita tatu hivi, maana ikirefuka herufi huanza kupotea njiani. Lakini dukani kulikuwa na kebo ndefu, na pakiti yake imeandikwa kwa wino mwekundu: mita kumi na tano, bila kupoteza hata herufi moja. Nilitaka kuamini. Kumwambia daktari kompyuta ihamishwe niliona aibu, kana kwamba sijui kazi. Nikafunga kebo, nikachapa ukurasa mmoja, ukatoka safi, nikaenda zangu.

Wiki ya tatu wakaniita. Msimamizi wa chumba cha dawa alikuwa Mama Perpetua, mama wa makamo asiyeinua sauti. Alinikalisha, akaweka lebo mbele yangu. Ilikuwa ya mtoto wa miaka miwili. Daktari alikuwa ameandika 1/2, yaani nusu kidonge. Printa ilikuwa imetoa 12. Kile kistari cha katikati kilikuwa kimepotelea ndani ya waya wangu. Mama huyu alikuwa na tabia ya kulinganisha kila lebo na cheti cha daktari, na hiyo tu ndiyo iliyomwokoa yule mtoto.

Nilianza kujieleza, nikataja pakiti na maandishi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nyara, wewe ulikuwa unajua?"

Kwa Kijaluo, nyara maana yake ni "binti yangu". Neno hilo lilinichoma kuliko matusi. Nikasema nilijua.

"Basi usinitajie pakiti. Pakiti haikuja hapa kufunga waya. Ulikuja wewe."

Sikulia, ingawa nilitaka. Niling'oa kebo yote, nikamweleza daktari ukweli, nikahamishia kompyuta chumba cha dawa na kuiunganisha kwa kebo ya mita mbili. Halafu sikuondoka. Tulichapa lebo mia mbili, tukazisoma moja moja, yeye kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole kwenye karatasi ambayo karani alikuwa akiinakili, mpaka alasiri. Hakuna kilichopotea. Hata hivyo alisema ataendelea kulinganisha, nami sikuudhika.

Niliporudi Migori nilimwambia mwenye duka kwamba sitamuuzia mtu kebo ile kwa kazi ya printa, na atakayeuliza nitamsimulia nilichokiona. Alinuna miezi kadhaa. Sikubadili neno, naye hakunifukuza.

Leo kebo ni za namna nyingine, na pakiti zinajisifu zaidi: kasi hii, umbali ule. Muulize muuzaji kasi hiyo ilipimwa kwenye kebo ya urefu gani, kwa sababu inachoweza kebo fupi, ndefu huenda isikiweze. Ijaribu kwa kazi yenyewe itakayoifanya, tena kwa muda, si kwa ukurasa mmoja. Na jambo ukilijua, liseme kabla hujafunga waya, hata kama wataona huna ujuzi. Aibu ya dakika moja itapita. Mimi ile lebo bado naiona.

Mungu akupe moyo mgumu mbele ya maneno matamu, mwanangu, na kila anayeitegemea kazi ya mikono yako akae salama.