Salamu za Ngazini

Asubuhi nimejichua magoti, na harufu ya dawa ya kuchua, kama ile ya mama, imenirudisha utotoni, kwenye ngazi za ploti yetu, jengo la ghorofa la kupanga, mtaani Huruma. Mama alikuwa akipanda polepole na mtungi wa maji. Kila ghorofa aliutua, akaegemea ukuta wenye ubaridi na kumwita jirani wa hapo.

"Jirani, mmeamkaje?"

"Salama. Na magoti?"

"Bado hayajahama, yanatafuta nyumba," alijibu, wakacheka.

Mimi nilivuta leso yake, njaa ikiniuma. Nilidhani mama yangu anapenda gumzo tu.

Leo nikirudi kutoka dukani, jirani wa ghorofa ya pili amefungua mlango kabla sijabisha.

"Wewe huwezi kupita bila kunisalimia," amesema.

Nimeegemea ukuta, nikamuuliza watoto wameamkaje.