Kona ya Shaba kutoka Vwawa

Niliondoka Dar es Salaam Jumanne kwa sababu ya kona moja ya bomba. Maabara yetu inajenga mtambo wa utafiti wa kuunganisha viini vya atomi, na kazi yangu ni kuipasha moto gesi iliyo ndani yake kwa mawimbi, ndugu wa yale ya oveni ya kupashia chakula. Mawimbi hayo hupita kwenye bomba la shaba la pembe nne. Kona mbili tulizojaribu kukunja wenyewe zilibonyea, mawimbi yakarudi yalikotoka. Mkuu wangu alinipa hadi Jumatatu. Ikishindikana, mradi wangu unafungwa. Sikukubali ufungwe.

Jumatano asubuhi nilikuwa Tunduma, napenya katikati ya malori. Mfanyabiashara wa Kizambia, aliyenisalimu kwa Kibemba, alikuwa na bomba moja tu la aina hiyo.

"Muli shani, dada? Hili la mwisho. Ukiliharibu, utangoja mwezi ujao."

Mchana nilifika Vwawa kwa baba yangu mdogo, fundi wa mashine za kumenyea kahawa. Yeye hukunja shaba kwa kulijaza bomba mchanga ili lisibonyee, kisha huziba ncha kwa vigingi vya mti wa kahawa, ndipo hulitia motoni. Kabla hajamaliza kunawa mikono, nilikuwa nimeshalijaza na kuliziba.

"Mwaga," alisema.

"Baba mdogo, mchanga ni mkavu!"

Alitia konzi moja ya mchanga ule kwenye kikaango cha moto, akafunika. Alipofunua, kifuniko kilikuwa kinadondosha maji.

"Mvuke huu ungelipasua bomba, mwanangu. Na uso wako je?"

Niliona aibu. Eti mimi ndiye mtaalamu wa joto!

Tulikaanga mchanga hadi jioni, konzi kwa konzi, kama watu wanaokaanga kahawa. Nilinung'unika weee, naye akaendelea kukoroga. Alhamisi asubuhi alilikunja taratibu, na kona ikatoka bila hata kovu. Nikapanda basi la mchana.

Jumatatu, maabara. Tulifunga kona, tukawasha. Mshale wa kupima mawimbi yanayorudi ulitikisika, ukalala kwenye sifuri. Gesi ikawaka zambarau. Nililia mbele ya mkuu wangu na sikujali. Nilikuwa nimejifunza kwamba haraka yangu ilikaribia kuua kitu kilekile nilichokimbilia kukiokoa.

Mkuu alinisogezea mchoro wa mtambo, penye nafasi ya jina la fundi wa kona.

"Andika lako," aliniambia.

Niliandika la baba mdogo.