Kuku wa Fundi wa Ukoo

Juma lililopita nilikuwa kwa fundi wa kompyuta hapa Nakuru, nikingoja simu yangu itengenezwe. Akaingia mama mmoja wa Rongai na kuku kwenye kikapu, akifuatwa na mpwa wake aliyevaa tai. Kwetu, aliyesoma ndiye fundi wa kila kitu chenye waya.

Mpwa akaweka laptop ya shangazi kwenye kaunta. "Boss, nimejaribu kuiwekea Windows mpya na hii flash. Imekataa kuwaka."

Fundi akaichomeka flash kwenye mashine yake, akakuna kidevu. Hata mimi niliona. Windows ilikuwa imekopiwa tu, faili moja katikati ya nyimbo za kwaya. Flash ya hivyo haiwashi kompyuta. Lazima kwanza itengenezwe kwa programu maalumu. Mpwa alijua tumeona. Akalegeza tai.

"Kwani alikosea?" mama akauliza.

Fundi akamtazama mama, akamtazama kuku. "Hapana, mathe. Flash ndiyo mbaya."

Mama akanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali. Mpwa alikuwa anatazama viatu vyake.

Fundi akaitengeneza flash upya, na laptop ikawaka. Mama akamkabidhi mpwa kikapu. "Huyu ni wako. Na Jumapili usikose. Kompyuta ya kanisa pia imezima. Pasta alitaka kuita fundi, nikamwambia tuko na wetu."

Kijana akapokea kuku kwa mikono miwili.

Tulidhani tumemfichia aibu. Kumbe tulikuwa tumeisogeza tu hadi Jumapili, mbele ya kanisa zima.