Kesi ya Diski Mbili

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tukigombea mbuzi, tutauza ng'ombe ili kesi iendelee. Zamani utani huo uliniudhi. Siku hizi nanyamaza, kwa sababu ya diski mbili.

Nilikuwa natunza kompyuta katika hospitali moja ya milimani, juu ya mji wa Same. Mafaili ya wagonjwa yalikaa kwenye seva, na seva yenyewe iliwashwa na diski kuukuu ya kuzunguka. Upepo ukivuma tu, umeme unakatika. Ukirudi, tunasubiri karibu nusu saa seva iamke, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Nikaomba SSD mbili, diski za kisasa zisizozunguka, za kuiwashia, ili moja ikifa pacha wake aendelee na kazi.

Zilipofika, mtunza stoo, mzee wa heshima aliyezoea kupokea magunia na mitungi ya gesi, alizipima kiganjani, kisha akazitikisa sikioni.

"Mwanangu, tumeuziwa maganda matupu."

"Hapana, mzee. Ndani hamna kinachozunguka. Ndivyo zilivyo."

"Hilo ni la kamati."

Kamati ya mapokezi ikakaa vikao vitatu. Vitatu! Mwishowe ikaamuliwa moja ifungwe kwenye seva, na ya pili ikae stoo chini ya kufuli, kama kidhibiti cha kesi, mpaka shauri liishe. Nilipinga mpaka sauti ikakauka, kisha nikachoka, nikatia saini.

Seva ikawa inawaka upesi kuliko redio, na kila mtu akalisahau shauri. Mimi niliulizia kila Jumatatu. Kila Jumatatu kuna mjumbe mwenye msiba, kikao kinaahirishwa.

Asubuhi moja SSD ile ikafa. Diski ya zamani ingekwaruza siku kadhaa ikakuonya. Hii ilizimika kimya. Mafaili yalikuwa salama kwenye diski nyingine ndani ya seva, lakini seva isipowaka huyafikii. Na wodini ameletwa mama mwenye homa kali, hajitambui. Daktari alikumbuka kwamba kuna sindano iliyowahi kumdhuru nusura afe. Ipi? Jibu lilikuwa kwenye faili. Mama huyo alikuwa mke wa mtunza stoo.

Nilikimbia stoo. Mzee alifungua kufuli, wala hakudai karatasi. Nikaifunga diski, nikarudisha mfumo kutoka kwenye nakala niliyokuwa nayo, yeye amesimama nyuma yangu. Faili likafunguka. Daktari akasoma, akaiweka kando sindano aliyokwisha kuiandaa, akachukua nyingine.

Jioni mama alifumbua macho. Mzee akanifuata mlangoni.

"Mwanangu, mbona hukuniambia ile diski ni ya mke wangu?"

Katika vikao vyote vitatu nilisema ni ya wagonjwa, na alinisikia.