Udongo wa Mama Kule Buffalo

Sisi tuliofika East Side ya Buffalo, hapa Marekani, tukiwa wadogo, nadhani wengi wenu mnayakumbuka yale makoti ya kupewa kanisani, mikono mirefu hadi kufunika vidole. Mnakumbuka theluji viatuni, na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikikupokea mlangoni. Mimi nakumbuka zaidi ndoo ya maganda.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kiwanja kitupu, vipande vya matofali na vioo tu. Mwenye nyumba alimruhusu mama alime. Mama, mkulima wa Fizi kule Kongo tangu utoto wake, akaanza kuutengeneza udongo. Kila siku baada ya shule, mimi na mdogo wangu Neema tulibeba maganda ya viazi na ndizi, tukayafukia. Majani yalipopukutika, tuliyakokota ya mtaa mzima. Wenzetu walitucheka. Siku moja nilimlalamikia mama kwa Kiingereza kwamba tunanuka. Akanijibu kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, "Bon, kanuke. Utakula."

Mwaka wa kwanza hakikuota kitu. Wa pili, vishina vichache vya lengalenga, mchicha wa kwetu. Mwaka wa sita udongo ulikuwa mweusi, laini, mkono unazama mpaka kiwiko, na majirani walikuja kuchuma mboga. Mwaka huohuo mwalimu alitupa methali ya Kichina inayowasifu wanaokusanya kidogo kidogo kwa subira, hadi matone yawe bahari na udongo uwe mlima, akataka tueleze maana yake. Nilijaza kurasa mbili za bahari na milima. Mama sikumtaja. Nilimwonea haya.

Nilipokua nilipata kazi ya ghala huko Okolona, nikapanga nyumba Shively, nikaanza kumsumbua mama aje kuishi nami hapa Louisville. Neema, aliyeolewa Columbus, akanipigia simu: "Kaka, muache mama. Pale ndipo anapopumulia." Sikumsikiliza. Nikamwambia mama kwamba udongo mzuri unauzwa dukani, kwa mifuko.

"Donc udongo yangu naiacha?" aliuliza.

"Utatengeneza mwingine, mama."

Alihama. Mwaka jana Neema alipita Buffalo, akanitumia picha: kiwanja kimemwagiwa lami, magari yameegeshwa. Kwa ujinga wangu nikamwonyesha mama. Aliitazama, akanirudishia simu. Kesho yake nikamletea mifuko ya udongo, jembe jipya na mbegu. Akavigusa, akasema, "Mwanangu, miaka sita ingine naitoa wapi?"

Wanangu, mzigo waliouagiza kwa simu ukichelewa siku mbili, wananuna kama wamefiwa. Nawacheka, ingawa ni mimi niliyedhani miaka ya mama inapatikana dukani. Enzi zile alitoka nje kila asubuhi, kabla hata ya chai, kwenda kuona kilichoota. Siku hizi anaketi sebuleni hadi mchana, na nikirudi kutoka kazini ananiuliza tu kama nimekula.